Mzigo wa Pikipiki na Kanuni ya Wenzo

Katika mitaa ya Mukendo, mjini Musoma, pikipiki hutwishwa magunia, magodoro, hata tairi la akiba la lori. Mwendeshaji huuliza mzigo una kilo ngapi. Swali la pili, ambalo aghalabu husahauliwa, ni hili: mzigo utakaa wapi?

Pikipiki yenye mzigo nyuma ni wenzo, na egemeo lake ni ekseli ya gurudumu la nyuma. Tuchukue pikipiki ambayo umbali baina ya ekseli zake mbili ni sentimita 120. Tairi la kilo 60 likifungwa hata kitovu chake cha uzito kikawa sentimita 40 nyuma ya ekseli hiyo, gurudumu la mbele hupunguziwa kilo 20, kwani 60 mara 40, gawanya kwa 120, ni 20. Gurudumu la nyuma nalo huongezewa kilo 80.

Hasara yake si ndogo. Gurudumu la mbele ndilo liongozalo chombo, na ndilo lifanyalo sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Likiwa jepesi, usukani huyumba na breki hupungua nguvu. Mlimani hatari huzidi, hasa mzigo ukiwa juu, kwa kuwa uzito huegemea nyuma zaidi.

Basi mzigo na uwekwe chini, karibu na kiti, ukazwe usicheze, wala usizidi kiwango cha mtengenezaji. Usioweza kukaa hivyo ni mzigo wa guta: magurudumu matatu huustahimili, mawili hayauwezi.