Rangi katika michoro ya CAD

Rangi katika michoro ya CAD ni njia ya kutofautisha sehemu za kitu kinachosanifiwa kwa kompyuta. Katika jengo, sehemu hizo ni kama vile kuta, nguzo, mabomba na nyaya. Katika eneo la Posta, Dar es Salaam, ambako maghorofa yamesongamana, ramani ya sakafu moja huweza kuwa na maelfu ya mistari iliyolaliana, na bila rangi ni vigumu kujua upi ni ukuta na upi ni bomba.

Historia

Kabla ya kompyuta rangi zilipakwa kwa mkono. Katika desturi ya Uingereza, matofali yalipakwa nyekundu na zege kijani. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ni la zama hizo za kalamu na karatasi. Programu ya AutoCAD ilitoka mwaka 1982.

Mashine za kuchapia za wakati huo, yaani plota, zilishika kalamu halisi. Namba ya rangi iliiambia mashine ichukue kalamu ipi, nene au nyembamba. Kalamu hizo zimetoweka, lakini mazoea yamebaki: katika ofisi nyingi rangi ya mstari kwenye skrini bado ndiyo inayoamua unene wake kwenye karatasi.

Matumizi

Mchoro hugawanywa katika tabaka, na kila tabaka hupewa jina na rangi yake. AutoCAD ina rangi 255 zenye namba: 1 ni nyekundu, 2 njano, 3 kijani, 5 buluu. Namba 7 ni ya ajabu kidogo, kwani huonekana nyeupe kwenye skrini nyeusi na nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Kitu kikiachwa kifuate rangi ya tabaka lake, kubadilisha tabaka hubadilisha vitu vyote vilivyomo. Anayepaka rangi kitu kimoja kimoja humwachia mwenzake kazi ngumu.

Rangi hizi hazina maana moja kwa wote. Buluu huweza kuwa maji safi katika ofisi moja na madirisha katika nyingine, hivyo mchoro unahitaji ufunguo wa rangi.

Katika ukarabati wa majengo ya zamani, nchi kama Ujerumani na Uswisi huonyesha sehemu inayobomolewa kwa njano, mpya kwa nyekundu, na inayobaki kwa nyeusi au kijivu. Tofauti hiyo si pambo: ukuta au nguzo inayobeba uzito ikidhaniwa kuwa ya kubomolewa, walio juu na chini yake wamo hatarini. Kuanguka kwa ghorofa Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, ambako kuliua watu zaidi ya 20, kulionyesha uzito wa hatari za ujenzi katika eneo hilo. Hata hivyo rangi huonyesha tu kilichochorwa. Nguvu ya nguzo hupatikana kwa hesabu za mhandisi na zege lenyewe.

Matatizo

Fundi wa saiti mara nyingi hupata kopi ya rangi nyeusi na nyeupe. Hapo bomba la buluu na waya mwekundu huwa mstari uleule mweusi, na njano iliyochapwa kama ilivyo hufifia kabisa. Kwa hiyo mistari hutofautishwa pia kwa nukta, vikato, unene na maandishi. Aidha, faili likipelekwa steshenari bila jedwali lake la uchapaji, unene wote huvurugika. Wengi huepuka hilo kwa kutuma PDF.

Kuna pia watu, hasa wanaume, wasioweza kutenganisha nyekundu na kijani. Programu ya Navisworks, inayotafuta mahali ambapo mabomba na boriti vinagongana, kwa kawaida huonyesha vitu viwili vinavyogongana kwa rangi hizohizo mbili. Mtumiaji anaweza kuzibadilisha, kwa mfano kuwa buluu na chungwa.