Picha za Usiku na Afya ya Akili ya Mwanachuo

Katika mwambao wa Ziwa Victoria, toka Murangi hadi Musoma mjini, jua huchwa karibu saa ile ile mwaka mzima. Tofauti ni kama nusu saa tu, kwani eneo hilo li karibu na ikweta. Kwa mwili wa binadamu hiyo ni neema. Ndani ya ubongo mna kundi dogo la seli lipimalo mchana na usiku. Giza liingiapo, kundi hilo huiachia tezi ya pineali imwage katika damu homoni iitwayo melatonini, nayo huuandaa mwili kulala.

Mwanachuo atazamaye tamthilia katika simu hadi saa 8 za usiku huuvuruga utaratibu huo. Kioo cha simu hutoa mwanga mwingi wa buluu, nao ndio uzisisimuao zaidi seli za jicho ziipashazo saa ya mwili habari za mchana. Hata hivyo, mwanga umelaumiwa kupita kiasi, maana ni hafifu mno ukilinganishwa na wa jua. Mwizi mkubwa ni kisa kilichokatwa penye mashaka. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa kazi iliyokatizwa hukumbukwa kuliko iliyokamilika. Majaribio ya baadaye hayakukubaliana naye daima, lakini watunga hadithi wameitumia siri hiyo tangu kale. Kilicho kipya ni kwamba sehemu ifuatayo huanza yenyewe, bila mtazamaji kugusa kitu. Tena makampuni ya simu nchini yamekuwa yakiuza vifurushi vya intaneti vya usiku kwa bei nafuu. Hivyo mwanachuo asiye na fedha hulipa kwa usingizi wake.

Gharama hiyo si ndogo. Kijana wa miaka 18 hadi 25 huhitaji kulala saa 7 hadi 9. Akipungukiwa siku nyingi mfululizo, hukasirika upesi, huingiwa na wasiwasi, na aliyosoma mchana hayakai vema kichwani. Yamkini pia ugonjwa hutangulia picha: mwenye upweke au huzuni hutazama ili asahau, huamka amechoka, kazi zikiwa zimelimbikizana, na huzuni yake huzidi. Kwa hiyo mwalimu amnyang'anyaye kijana simu bila kumwuliza kinachomsumbua ametibu nusu tu.

Wavuvi wa dagaa wa ziwa hilo nao hukesha, lakini mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti dagaa, nao hupumzika. Mwenye simu hana mbalamwezi. Hana budi kujiwekea mpaka. Programu nyingi huruhusu kuzima ule mwendelezo wa wenyewe. Ni rahisi pia kuacha katikati ya sehemu, kisa kikiwa kimetulia, kuliko mwishoni. Na kifurushi cha usiku chaweza kutumika kuhifadhi picha simuni wakati mwenyewe amelala, akazitazama Jumamosi mchana.