Sababu gani masasi ya AK hayaendi pale yanaelekezwa

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati M23 iliingia mu muji wa Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ilijaa majeruhi. Kati yao kulikuwa raia wenye hawakushika silaha. Tangu siku zile wakaaji wanauliza: namna gani risasi inapiga mtu mwenye kujifungia nyumbani? Sehemu moja ya jibu iko ndani ya bunduki yenyewe.

Silaha yenye kuonekana sana mashariki mwa Kongo ni AK. Ukiipiga, baruti inaungua na kutoa gazi yenye nguvu. Gazi hiyo inasukuma risasi ndani ya mtutu. Lakini mbele risasi itoke, gazi kidogo inapita ku tundu juu ya mtutu na kusukuma pistoni kwa nyuma. Pistoni inafungua bunduki, ganda linaruka inje, kisha risasi ingine inaingia yenyewe.

Kazi hiyo inafanyika haraka, na mtutu hautulii. Unatetemeka kama fimbo yenye kugongwa. Kama ungetetemeka sawasawa kila mara, masasi yangeanguka karibu karibu. Shida ni kwamba bomba ya gazi na mbao ya kushikia vimefungwa ku mtutu. Mpigaji akikaza mkono, ao akiegemeza bunduki ku ukuta, uzito unafika ku mtutu na mtetemo unabadilika. Mafundi wa bunduki za kulenga mbali wanaacha mtutu huru: unashikwa kwa nyuma tu, mbele haugusi kitu.

Kwa hiyo hata mtu mwenye kulenga vizuri kwa AK, ku metre 100 masasi yake yanaachana kwa santimetre 10 hivi, mara nyingi zaidi. Ku metre 300, tofauti inakuwa mara tatu.

Lakini hiyo ni sehemu ndogo. Hatari kubwa inakuja wakati mtu anapiga mfululizo. AK inaweza kutoa masasi karibu 600 kwa dakika. Kila moja inarusha bunduki, mdomo wake unapanda. Risasi ya kwanza inaenda kwa adui, ya tatu inapita juu ya mabati. Na yenye kukosa haisimami pale: inatoka na mwendo wa metre 700 hivi kwa segonde, na inaweza kufika zaidi ya kilometre 2. Hapo imeisha kuvuka mitaa mingi ya Goma. Hata ile ya kupigwa hewani kwa furaha lazima irudi chini.

Nyumba ya mbao na mabati haizuie risasi. Ukuta munene wa mawe ya volkano unasaidia zaidi. Mukisikia mlio, mulale chini wote, mbali na mlango na dirisha, na kama inawezekana kuta mbili ziwe kati yenu na inje. Musichungulie. Mtu akipigwa, mukandamize kidonda kwa kitambaa safi bila kuachilia, musijaribu kutoa risasi, mumupeleke hospitali mara moja njia ikifunguka.

«Vita iko mbali» si ulinzi. Risasi haijue mpaka wa karitie.