Tone la Damu Kisiginoni

Mtoto aweza kuzaliwa mzima wa viungo, akalia, akanyonya na kumchekea mamaye, ilhali damuni mwake mna madhara yanayojikusanya siku baada ya siku. Mama hayaoni, wala mkunga hayaoni. Yakija kudhihiri, ubongo umekwishaharibika na haurejei tena.

Maradhi hayo huitwa fenilketonuria, na yaligunduliwa nchini Norway mwaka 1934 na tabibu Asbjørn Følling. Ini la mtoto hushindwa kuvunja fenilalanini, ambayo ni sehemu ya protini iliyomo katika maziwa, nyama, mayai na kunde. Mtoto huyarithi kwa wazazi wote wawili, nao kwa kawaida ni wazima wasiojua kuwa wameyabeba. Ndiyo maana hujitokeza zaidi panapooana ndugu wa damu, kama watoto wa ami. Katika miaka ya 1950 ilibainika Uingereza kuwa chakula maalumu chenye fenilalanini kidogo humsaidia mtoto, na akianzishiwa mapema ubongo husalimika. Lakini atajulikanaje mapema?

Aliyelijibu swali hilo ni Dkt. Robert Guthrie wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1916. Alikuwa tabibu na mtaalamu wa bakteria, akitafiti saratani mjini Buffalo. Mwanawe mmoja alizaliwa na ulemavu wa akili, na mtihani huo ukamsogeza karibu na wazazi wenzake wenye watoto kama huyo. Kisha mwaka 1958 mtoto wa kike katika ukoo wake akagunduliwa kuwa na fenilketonuria akiwa na miezi 15. Wakati ulikuwa umekwishapita.

Njia aliyoibuni ilikuwa nyepesi. Mtoto huchomwa kidogo kisiginoni, na tone la damu hukaushwa juu ya karatasi ya kuchujia. Kidoti cha karatasi hiyo huwekwa juu ya sahani ya bakteria waliotiwa kemikali ya kuwazuia wasikue. Damu ikiwa na fenilalanini nyingi, huishinda kemikali ile, na bakteria husitawi wakakizunguka kidoti. Kadiri duara linavyopanuka, ndivyo hatari ilivyo kubwa.

Hadi kufikia mwaka 1963 watoto wapatao 400,000 walikuwa wamepimwa Marekani, na 39 wakapatikana na maradhi hayo. Kampuni iliyopewa haki ya kuuza vifaa vya kipimo ilipotaka dola 262 kwa seti ambayo yeye aliweza kuitengeneza kwa dola 6, Guthrie alipinga waziwazi, na haki hiyo ikaondolewa. Yeye mwenyewe hakutaka faida.

Guthrie alifariki mwaka 1995. Leo mitambo ya kisasa imechukua nafasi ya bakteria wake katika nchi nyingi, na huchunguza maradhi kadhaa kwa tone lile lile. Huku kwetu Afrika Mashariki, damu iliyokaushwa juu ya karatasi imetumika kuwapima virusi vya UKIMWI watoto wachanga ambao mama zao wanavyo, ili wawahi tiba.

Ilimu hiyo haikumfaa mwanawe, wala haikumwahi mtoto yule wa ukoo wake; imewafaa watoto wa watu asiowajua. Basi mzazi akiombwa kliniki tone la damu la mwanawe, asidhani mtoto anaonewa. Kilio cha dakika moja chaweza kumwepusha na msiba wa umri mzima.