Jiwe Likianguka Relini

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza juu ya treni zinazoacha reli kwa sababu ya mawe na udongo unaoporomoka kutoka mlimani. Niko na dada mwandishi wetu. Dada, karibu.

MWANDISHI: Asante, kaka.

MTANGAZAJI: Kwanza, kwa nini reli ijengwe chini ya genge, mahali pa hatari hivyo?

MWANDISHI: Treni haipandi mlima mkali kama gari. Inataka njia iliyo tambarare. Kwenye nchi ya milima, tambarare hupatikana kandokando ya mto, ziwa au bahari. Kwa hiyo reli hubanwa: upande mmoja maji, upande mwingine genge.

MTANGAZAJI: Na jiwe lililokaa miaka mia, linaanguka vipi siku moja?

MWANDISHI: Mara nyingi chanzo ni maji. Mvua huingia katika nyufa za mwamba na kuosha udongo unaolishikilia jiwe. Nchi za baridi, maji huganda ndani ya ufa yakawa barafu, na barafu huhitaji nafasi kubwa kuliko maji, hivyo huupanua ufa. Mizizi ya miti nayo husukuma polepole. Siku jiwe linapoanguka, kazi hiyo imeshafanyika kwa miaka mingi.

MTANGAZAJI: Dereva hawezi kufunga breki?

MWANDISHI: Hufunga, lakini treni ya mizigo yenye maelfu ya tani huweza kwenda kilomita moja au zaidi kabla ya kusimama. Jiwe likiwa nyuma ya kona, akiliona amechelewa. Na pengine mlima huipiga treni yenyewe ikiwa inapita. Tarehe 15 Januari 1997, kaskazini mwa mji wa Seattle, Marekani, genge lililoloweshwa na mvua na theluji liliporomoka juu ya treni ya mizigo. Mabehewa matano yalisukumwa hadi baharini.

MTANGAZAJI: Sasa watu wa reli hujikingaje?

MWANDISHI: Kuna mfano wa zamani kutoka Scotland. Mwaka 1881, jiwe liligonga treni chini ya mlima Ben Cruachan. Mkubwa mmoja wa kampuni ya reli, John Anderson, akabuni uzio wa waya kando ya reli. Jiwe likikata waya, ishara za reli hujigeuza zenyewe kumwambia dereva asimame. Upepo ukivuma, waya hizo huimba, ndiyo maana watu waliuita uzio huo piano ya Anderson.

MTANGAZAJI: Basi hatari ikaisha?

MWANDISHI: Haikuisha, kaka. Mwezi Juni 2010, treni ya abiria iligonga jiwe hapo hapo na kuacha reli. Behewa la mbele lilibaki limening'inia ukingoni, juu ya barabara. Jiwe lile lilitoka chini ya uzio, karibu kabisa na reli. Waya haukuguswa, kwa hiyo ishara haikubadilika. Onyo hulinda pale tu lilipowekwa.

MTANGAZAJI: Wengi wanaotusikiliza hawapandi treni. Hili linawahusu vipi?

MWANDISHI: Mlima hauchagui treni au nyumba. Wasikilizaji wetu wa Kivu Kusini wanakumbuka Mei 2023 huko Kalehe, mvua ilivyoleta mafuriko na maporomoko Bushushu na Nyamukubi, tukapoteza mamia ya watu. Kambini hatuna uzio wa waya. Waya wetu ni macho ya jirani.

MTANGAZAJI: Macho hayo yaangalie nini?

MWANDISHI: Nyufa mpya ardhini juu ya nyumba. Miti au nguzo zilizoanza kuinama. Mlango uliokuwa unafunga vizuri na sasa unakwama. Vijiwe vinavyodondoka mara kwa mara. Maji ya chemchemi yanayogeuka matope ghafla. Ukiona hivyo, mwambie kiongozi wa bloku yako siku hiyo hiyo. Mvua ikiwa kubwa, hamisha watoto na wazee kwanza, wasilale chini ya mteremko. Na tusichimbe udongo wa matofali kwenye mguu wa mlima. Ukiukata mguu, mwili utaanguka.

MTANGAZAJI: Na mlima ukishaporomoka, watu warudi kuchukua vitu?

MWANDISHI: Wasiharakishe. Kwenye reli ile ya Seattle, treni za abiria husimamishwa saa 48 baada ya maporomoko, kwa kuwa mteremko uliomeguka mara moja huweza kumeguka tena. Sufuria itapatikana nyingine.

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, baada ya kipindi, jadilini katika makundi yenu:

1. Ni nyumba zipi katika bloku yetu zilizo chini ya mteremko?
2. Mvua ikinyesha usiku, nani atawaamsha wenzake, na watakimbilia wapi?

(MUZIKI WA KUFUNGA)