Mwangwi Utokanao na Hesabu

Mtu asafiriye kutoka Wasso kwenda kusini hadi milima ya Gol, wilayani Ngorongoro, hufika penye korongo la Ol Karien, ambamo tai huweka viota juu ya kuta za mwamba zilizosimama wima. Akisimama mita 85 mbele ya ukuta wa namna hiyo na kupaza sauti, neno lake humrudia baada ya nusu sekunde. Sababu yake ni kwamba katika hewa yenye joto la digrii 15 hivi za Sentigredi sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, na safari ya kwenda na kurudi ni mita 170. Mtangazaji wa redio ya jamii, kama vile Loliondo FM inayowahudumia wakazi wa eneo hilo, aweza kuupata mwangwi uleule akiwa ameketi katika chumba kidogo kisicho na mwamba wowote. Hubonyeza kitufe, na kompyuta hufanya kazi ya korongo.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kompyuta haijui sauti, yajua namba. Kipaza sauti hugeuza mitetemo ya hewa kuwa umeme unaopanda na kushuka, na umeme huo hupimwa, kwa kawaida, mara 44,100 katika kila sekunde. Kila kipimo huandikwa kama namba kamili isiyozidi 32,767. Sauti inapochezwa, namba hizo husomwa kwa kasi ileile na kugeuzwa tena kuwa umeme wa kuisukuma spika.

Basi mwangwi wa nusu sekunde si kitu ila ni namba iliyopita nafasi 22,050 nyuma. Programu hutenga ghala lenye nafasi hizo katika kumbukumbu ya kompyuta, ikawa inaandika namba moja moja hadi mwisho wa ghala, kisha ikaanza tena mwanzo, mfano wa ngamia azungukaye kinu cha ufuta. Kabla ya kuandika mahali popote, huitoa namba iliyokuwapo, ambayo ina umri wa nusu sekunde kamili. Huipunguza kwa kuizidisha kwa 0.5, huijumlisha na namba mpya, na jumla hiyo ndiyo ipelekwayo kwenye spika na kuwekwa ghalani. Katika enzi za kanda za sumaku kazi hiyohiyo ilifanywa kwa vichwa viwili vya mashine, kimoja cha kurekodi na kingine cha kusoma. Kanda iliyokwenda sentimita 19 kwa sekunde, ikivuka nafasi ya sentimita 5 baina ya vichwa hivyo, ilichelewesha sauti kwa robo sekunde hivi.

Kwa kuwa jumla hurudishwa ghalani, mwangwi nao huzaa mwangwi: nusu, robo, thumni, na kuendelea. Baada ya marejeo 10, yaani sekunde 5, hubaki sehemu 1 tu kati ya 1,024. Mwanafunzi na ajiulize litakalotokea iwapo mahali pa 0.5 patawekwa 1. Sauti haitakoma kamwe. Na ikiwekwa 1.1, kila rejeo litakuwa kubwa kuliko lililotangulia, mpaka namba zivuke 32,767 na vilele vya mawimbi vikatwe. Mlio huo mkali wajulikana na kila aliyehudhuria mkutano wa hadhara ambapo kipaza sauti kilisogezwa karibu mno na spika; kanuni yake ni moja.

Hata hivyo mwangwi mmoja haufanani na mvumo wa kanisa kubwa au pango, ambamo sauti hurudi kutoka pande nyingi kwa mfululizo usiohesabika na sikio. Manfred Schroeder, mwanafizikia Mjerumani aliyefanya kazi katika maabara ya Bell nchini Marekani, alionyesha mwaka 1962 kwamba mvumo wenye kuaminika huhitaji marejeo yapatayo 1,000 kwa sekunde, na kwamba maghala machache yenye urefu usiolingana, yakiunganishwa vema, yatosha kuyazalisha. Programu nyingi za leo zingali zikitumia wazo hilo.

Lililo zito zaidi ni mahali pa kuifanyia hesabu hiyo. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuibadilisha rekodi yenyewe na kuihifadhi hivyo. Ya pili ni kuiacha rekodi kama ilivyo, hesabu ikafanywa njiani wakati sauti inapochezwa. Njia hii ya pili yadai wepesi: kompyuta hupokea namba kwa mafungu, tuseme 512, na lazima imalize kila fungu kabla ya sekunde 0.0116 kupita, la sivyo msikilizaji husikia mikwaruzo. Pengine ndiyo maana wengi huichagua ya kwanza. Ni uchaguzi wa hasara.

Ni kweli kwamba mwangwi waweza kuondolewa kwa kutoa kile kilichojumlishwa, lakini kwa masharti: kiasi cha ucheleweshaji na cha upunguzaji viwe vimeandikwa, na vilele visiwe vimekatwa. Athari nyingine hazirudi hata kwa masharti. Kimaasai, lugha ya wengi wa wakazi wa Wasso, hutofautisha mtenda na mtendwa kwa kupanda na kushuka kwa sauti katika jina. Programu ya kunyoosha sauti, ya jamii ya Auto-Tune iliyotolewa mwaka 1997, husogeza kila sauti hadi kwenye noti iliyo karibu. Ikiwekwa juu ya simulizi ya mzee, yaweza kufuta tofauti ile ile ibebayo maana. Upande wa kusini, wilayani Karatu, kando ya Ziwa Eyasi, huishi Wahadzabe, watu wapatao 1,000 tu, ambao lugha yao ina konsonanti za kidoko. Programu ya kusafisha rekodi za zamani hutafuta mruko wa ghafla wa namba udumuo kwa elfu chache za sekunde, huuhesabu kuwa ni kasoro ya kanda, na huuziba. Kidoko nacho ni mruko wa namna hiyo. Mashine haiwezi kujua kwamba imeng'oa herufi.

Kwa sababu hiyo, shule au redio inayokusanya hadithi za wazee yapasa kuweka majalada mawili: rekodi asilia isiyoguswa, na orodha ya maagizo ambayo programu huyafuata wakati wa kucheza. Saa 1 ya rekodi asilia, kwa mkondo mmoja, huchukua baiti 317,520,000, hivyo kifaa kidogo cha gigabaiti 32 huhifadhi saa 100 hivi. Orodha ya maagizo haijazi hata ukurasa mmoja.