Saa ya Mkimbiaji wa Lusu: Fedha Iende Wapi?

Anga la Lusu ni pana. Kata hii ya Wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, haina maghorofa ya kuziba upeo wala mabonde ya kumfunika mtu. Kuna miombo, mashamba, njia za mchanga, na kumbukumbu ya mgodi wa dhahabu wa Golden Pride uliofungwa 2014. Kijana anayetoka nyumbani alfajiri, raba miguuni, ana kitu ambacho mkimbiaji wa katikati ya New York hana: mbingu iliyo wazi kila upande. Kwa anayetaka kununua saa ya kukimbilia yenye GPS na kipima mapigo ya moyo, uwazi huo una thamani ya fedha taslimu, na ni nadra muuzaji kuutaja.

Kupima mwendo wa miguu si jambo geni hapa Unyamwezini. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 walibeba mizigo ya karibu frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kati ya Tabora na Bagamoyo, na safari ilihesabiwa kwa kambi na siku. Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, ndani ya Tabora ya leo, Novemba 1857, walibeba saa maalumu za kukokotolea longitudo, vyombo vya bei kubwa na vya kubembelezwa kama yai. Leo kazi hiyo inafanywa kila sekunde na saa ya gramu 29 iliyofungwa mkononi. Njia ya bidhaa nayo imegeuka. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Saa zinapanda bara kutoka Kariakoo, soko ambalo jina lake lenyewe linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps.

Biashara ya saa hizi bado ni changa. Kampuni ya Polar ya Finland ilianza kuuza vipima mapigo visivyo na waya mwanzoni mwa miaka ya 1980. GPS ya Marekani ilifunguliwa kwa raia bila kupotoshwa makusudi Mei 2000, na mwaka 2003 Garmin ikaleta Forerunner ya kwanza. Mwaka huohuo Moshi ikaanza Kilimanjaro Marathon. Mwanza ikaja na Rock City Marathon, Dodoma ikawa na NBC Dodoma Marathon, na vikundi vya jogging vikaenea mijini na wilayani. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi.

Kisha akaja Alphonce Simbu. Mzaliwa wa Ikungi, Singida, mkoa jirani na Tabora, alishinda marathon ya Mashindano ya Riadha ya Dunia mjini Tokyo Septemba 15, 2025, kwa saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros alipewa muda uleule, na picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyowatenganisha. Ushindi wa namna hiyo huwafanya vijana wengi waulize wanakimbia kasi gani, na swali hilo ndilo linalouza saa.

Bei zake zinahitaji kutazamwa bila haya. Garmin Forerunner 55 ilitoka 2021 kwa dola 200 za Marekani. Coros Pace 2 ilitoka 2020 kwa bei hiyohiyo. Coros ndiyo kampuni iliyowahi kumchukua Eliud Kipchoge, bingwa wa marathon wa Kenya, kuwa balozi wake. Pace 3 ya 2023 ilianzia dola 229, Forerunner 165 ya 2024 dola 250. Upande wa chini ipo Amazfit Bip 6, iliyotoka 2025 kwa dola 80. Dola moja ikikadiriwa kwa shilingi 2,500, saa ya dola 200 ni shilingi 500,000. Ongeza VAT ya asilimia 18 na inafika 590,000, kabla ya ushuru wa forodha, usafiri na faida ya muuzaji. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025. Kwa maneno mengine, saa inayoitwa ya "bei nafuu" Ulaya inameza mshahara mzima wa mwezi wa mtumishi wa ngazi ya chini, na mkulima wa tumbaku au mfugaji wa Nzega hana hata uhakika wa mshahara huo.

Ndiyo maana kila shilingi inayolipwa bure hapa inauma.

Mtego wa kwanza uko kwenye boksi lenyewe. Bangili nyingi za mazoezi za bei ya chini huandikwa GPS, lakini ndani hazina kipokezi. Zinaazima mahali kutoka kwenye simu. Ukiiacha simu nyumbani, bangili inakisia umbali kwa kuhesabu mtikisiko wa mkono. Mazungumzo ya dukani huwa mafupi. "Kaka, hii ina GPS?" "Ipo bosi wangu, kila kitu kipo." Swali la kuuliza ni jingine: "Nikiacha simu nyumbani, itachora njia niliyopita?" Muuzaji mwaminifu atajibu moja kwa moja. Na zile saa za mraba zinazofanana na Apple Watch Ultra, zinazouzwa kwa makumi machache ya elfu, zisinunuliwe kwa kazi hii hata kidogo.

Hofu ya pili inawanyima watu saa nzuri bila sababu: wengi wanaamini GPS inakula bando. Hailigusi hata kidogo. Saa inasikiliza tu. Setilaiti za GPS huzunguka takriban kilomita 20,200 juu ya ardhi, kila moja ikitangaza muda kwa usahihi mkubwa, na saa hupima jinsi matangazo hayo yalivyochelewa kufika. Zinahitajika setilaiti nne: tatu za kupata mahali, ya nne ya kusahihisha makosa ya saa yenyewe, kwa sababu kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde ni sawa na sentimita 30 ardhini. Hakuna laini ya simu wala intaneti katika hesabu hiyo. Intaneti inaingia baadaye, mtu anapopeleka rekodi kwenye programu ya simu, na wakati wa kupakua faili dogo la ratiba za setilaiti linaloifanya saa ishike mahali haraka. Saa iliyokaa wiki kadhaa bila kuunganishwa itachukua dakika chache zaidi. Mkimbiaji asimame uwanjani, asubiri saa iseme iko tayari, ndipo aondoke. Wengi wanaolalamika kuwa saa "inapunja" kilomita ya kwanza waliondoka kabla haijashika.

Sasa ule uwazi wa anga. Tofauti kubwa inayotangazwa kati ya saa ya kawaida na ya bei ya juu ni uwezo wa kupokea masafa mawili ya setilaiti badala ya moja. Kazi ya masafa ya pili ni kutambua mawimbi yaliyogonga ukuta na kurudi, ugonjwa wa miji yenye majengo marefu na wa mabonde ya milimani. Pace 3 inayo, Forerunner 55 na 165 hazina. Katikati ya Dar es Salaam, kwenye mitaa ya maghorofa ya Posta, fedha hiyo inarudi. Kati ya Lusu na Nzega, chini ya mbingu isiyo na kizuizi, tofauti ni ndogo mno kuilipia. Saa ya masafa mamoja ikikosea asilimia moja, ni mita 100 kwa kilomita 10, na mkimbiaji wa kawaida hapotezi chochote.

Kipimo chake kipo barabarani, bure. Barabara kuu zina vibao vya kilomita. Anza mbele ya kibao kimoja, kimbia pembeni mchana kweupe, simama kwenye kibao ambacho namba yake imetofautiana na ya kwanza kwa kilomita tano. Rudi mpaka ulipoanzia. Saa ikisoma kati ya 9.9 na 10.1, ni nzima. Fanya hivyo ndani ya siku ambazo muuzaji amekubali kupokea bidhaa iliyorudishwa.

Mapigo ya moyo ndipo penye ugumu wa kweli, na saa zote zinatofautiana hapa, za ghali na za rahisi. Taa za kijani zilizo chini ya saa hupenya ngozi. Damu hunyonya mwanga huo, na saa husoma jinsi unavyopungua na kuongezeka kila moyo unapopiga. Swali la haki kwa msomaji wa Afrika ni kama ngozi nyeusi inadanganya taa hizo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha 2020 utafiti wa watu 53 wa rangi mbalimbali za ngozi na hawakuona tofauti ya maana kitakwimu kati yao. Walichokiona ni kwamba makosa huongezeka mwili unapokuwa kazini, kwa wastani asilimia 30 zaidi kuliko ukiwa umetulia. Utafiti mmoja wa watu 53 haufungi mjadala, lakini unaelekeza jicho kwenye adui halisi, ambaye ni mtikisiko.

Mtikisiko huo una hila yake. Mkimbiaji anapiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika, na saa iliyolegea inaweza kuzichukua hatua hizo na kuziandika kama mapigo ya moyo. Mtu anakimbia polepole kupasha misuli na saa inamwambia moyo uko 170! Dawa yake haina gharama: saa ipande juu ya mfupa wa kifundo cha mkono kwa upana wa vidole viwili, mkanda ukazwe usiteleze, jasho na vumbi vifutwe. Kisha simama, weka vidole viwili shingoni, hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, ulinganishe.

Anayefanya mazoezi kwa kufuata mapigo anunue mkanda wa kifuani. Mkanda husoma umeme wa moyo wenyewe, haujali taa wala kutikisika kwa mkono. Polar H10 ina jina kubwa kwa usahihi. Mikanda ya kampuni za China kama Coospo na Magene huuzwa kwa dola 30 hadi 40. Mingi hutumia betri ya duara ya CR2032, ileile ya rimoti za magari, ambayo hata maduka ya wilayani huwa nayo. Kabla ya kulipa, mnunuzi ahakikishe saa na mkanda vinaelewana: Pace 3 inapokea vifaa vya Bluetooth tu, Forerunner 55 inapokea pia vile vya ANT+, teknolojia nyingine isiyo na waya.

Kwa nini hangaiko lote hili? Kwa sababu katika ukanda huu kasi peke yake inadanganya. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, njia nyingi ni mchanga, na Septemba na Oktoba jua linachoma tangu saa nne. Dakika sita kwa kilomita kwenye lami ya asubuhi ni mwendo mwepesi. Dakika sita hizohizo mchangani, saa tano, zinaweza kumfikisha mtu ukingoni. Moyo ndio unaosema ukweli wa juhudi. Hata hivyo kanuni ya 220 ukitoa umri, ambayo saa nyingi huanza nayo, ni makadirio tu. Watafiti walipendekeza 2001 hesabu ya 208 ukitoa asilimia 70 ya umri: kwa mtu wa miaka 60 inatoa 166 badala ya 160, kwa wa miaka 20 inatoa 194 badala ya 200. Mwenye shinikizo la damu au maumivu ya kifua aende kwa daktari kwanza. Saa hizi si vifaa vya hospitali.

Betri isidharauliwe. Apple Watch SE imeandikiwa matumizi ya saa 18 na inahitaji iPhone, kwa hiyo ile ya mtumba inayouzwa kwa bei ya kuvutia haimfai mwenye simu ya Android wala anayechaji kwa sola. Forerunner 55 inakimbia saa 20 ikiwa imewasha GPS, Pace 2 saa 30. Chaja nyingi ni za kampuni husika pekee; ikipotea Lusu, saa inalala mpaka basi lilete nyingine. Kebo za Garmin zina unafuu, kwani ileile hutumika kwenye modeli nyingi. Saa ya mtumba iliyopita miaka mitano betri yake imechoka, na bei ishuke kwa kiasi hicho.

Kuhusu kununua kwa mbali: mzigo unaotumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam ni utaratibu wa kila siku na wengi hupokea walichoagiza. Lakini fedha itumwe kwa lipa namba ya duka, risiti ya EFD idaiwe, na namba ya saa iliyo nyuma ilingane na ya boksi. Bila risiti, dhamana ni maneno.

Mwenye shilingi 300,000 hivi achukue saa ya daraja la Bip 6 na ajifunze kuivaa vizuri. Mwenye 700,000 achukue Forerunner 55 au Pace 2 iliyobaki dukani, aongeze mkanda wa kifuani, na aiache ile ya masafa mawili kwa wakimbiaji wa Posta.